Mzee wako moyo unapiga ovyo? Usikubali aache dawa ya damu

Kama daktari amewaambia mzee wenu ana etrio fibrileshoni, yaani moyo unapiga bila mpangilio, shikeni hili kwanza: dawa ya kuzuia damu kuganda haiachwi ati kwa sababu mzee anajisikia vizuri. Mimi namuangalia babangu hapa Kisauni, Mombasa, na kinachoniuma ni kusikia mtu amemuachisha mamake dawa manake presha imeshuka. Moyo ukipiga hivyo damu inatuama kwenye vyumba vya juu, inaganda, halafu bonge likichomoka likafika kwenye ubongo ndio kiharusi. Hatari yake inapanda kama mara 5, na uzee unazidi kuiongeza. Na aspirini haishiki nafasi ya hiyo dawa, hilo muulizeni daktari mwenyewe.

Babangu anatumia warfarini, ndiyo hiyo dawa ya kuzuia damu kuganda. Hii lazima damu ipimwe, kipimo kinaitwa INR, kinaonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na kawaida wanataka iwe kati ya 2 na 3, ikishuka damu inaganda, ikipanda sana anavuja. Tuna daftari la shule la kurasa 48, tunaandika tarehe, INR na dozi, kila kliniki linakwenda naye kwa sababu daktari wa leo si lazima awe wa mwezi ujao. Na mboga asikatazwe! Kisamvu, mchicha, sukuma, ale, ila kiasi kisipishane sana, si wiki hii kila siku halafu wiki ijayo hakuna kabisa.

Wazee wetu wanaumia zaidi kwenye duka la dawa. Magoti yanauma, mjukuu anatumwa diklofenaki au brufen, tumbo likisumbua wanaletewa Flagyl, na hizo zote ukichanganya na warfarini unakaribisha kuvuja damu. Mwambieni muuzaji kuwa mzee anatumia warfarini kabla hajashika dawa yoyote. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, au akianguka akagonga kichwa, hospitali hapo hapo hata kama anaongea vizuri.

Kuna dawa mpya za kazi hiyo hiyo, apixaban na rivaroxaban, hazitaki INR lakini figo zipimwe na bei inauma. Mwenye vali ya moyo ya chuma au vali iliyobana sana kwa homa ya baridi yabisi hubaki na warfarini. Ramadhani ikikaribia muone daktari mapema apange saa za dawa, asijipangie mwenyewe.

Sasa mdomo ukipinda ghafla, mkono ukalegea au maneno yakawa hayatoki, jamani msianze kusema ni upepo mbaya mkamkanda mafuta. Msimpe maji wala chakula, angalieni saa, bebeni daftari muondoke, maana dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze na daktari atataka kujua INR yake kwanza. Mkiwa Likoni, ng'ambo ya feri, jueni kuanzia leo ni hospitali gani yenye siti skani, mashine ya kupiga picha ya ubongo, na gari la nani litawavusha usiku.