Shingo ilimpinda siku ya tatu ya dawa: ni jini au ni vidonge?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Kijana wangu wa pili ana miaka 19. Tangu mwaka jana alianza kujifungia chumbani, akaacha kuoga, akawa anacheka peke yake na kuniambia majirani wanamsema kwenye redio. Kabla ya hapo alikuwa akitafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, na kuvuta bangi na wenzake maskani. Tulimpeleka hospitali akapewa vidonge vya haloperidoli, miligramu 5 asubuhi na 5 usiku. Siku ya tatu, alasiri, shingo ikampinda upande wa kushoto, macho yakapanda juu yakaganda huko huko, ulimi ukawa mzito hata maneno hayatoki. Shangazi yake akasema huyu ananyongwa na jini. Ustadh akaitwa, akamsomea, na ilipofika usiku shingo ikalegea. Tangu siku hiyo hatukumpa tena vidonge. Hii ni wiki ya tatu, na ameanza tena kuitaja ile redio.

Nauliza: ile ilikuwa dawa au jini? Nasikia kuna sindano ya mara moja kwa mwezi, je, si afadhali hiyo? Na mdogo wake wa kike, miaka 9, siku hizi kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, analia, na usiku halali vizuri. Naye ugonjwa umemwingia? Jirani ameniambia nimpe nusu ya kidonge cha kaka yake apate usingizi. Mama wa Kisauni.

JIBU: Waleikum salaam mamangu. Nitaanza na hilo la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja. Usimpe binti yako nusu ya kidonge kile, wala robo. Haloperidoli si dawa ya usingizi, ni ya kutuliza sauti na mawazo kama ya kaka yake, na watoto na vijana ndio wanaokazwa misuli nayo upesi kuliko watu wazima. Yaliyompata kaka yake yanaweza kumpata yeye kwa kiasi kidogo zaidi. Vidonge vilivyobaki vitie mahali pa kufunga na ufunguo, halafu tuzungumze.

Ile ilikuwa dawa. Nasema hivi bila kusita kwa sababu ulivyoeleza ndivyo hasa inavyokuja: kijana wa kiume, haloperidoli, siku za mwanzo, shingo kupinda, macho kupanda juu, ulimi au taya kukaza. Mikazo mingi ya aina hii hutokea ndani ya siku 5 za kwanza tangu mtu aanze dawa au aongezewe kipimo, na vijana wa kiume ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Aliyemwandikia dawa alipaswa kuwaeleza haya kabla hamjatoka mlangoni, na pengine kumpa dawa ya kinga pamoja nayo. Mngelijua hilo, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Inatokeaje? Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, nayo ina kazi zaidi ya moja. Katika sehemu moja inasaidia kuamua jambo gani lina maana na lipi ni la kupuuzwa. Inapozidi hapo, mambo ya kawaida huanza kumhusu mtu: redio inamtaja, kikohozi cha jirani ni ishara, watu wawili wakicheka barabarani wanamcheka yeye. Katika sehemu nyingine dopamini inaongoza misuli, ikisaidiana na kemikali nyingine iitwayo asetilikolini, na hizo mbili ni kama vitanga viwili vya mizani. Haloperidoli inazuia dopamini kote kote, haichagui. Kule kwenye mawazo inaleta nafuu tunayoitaka. Kwenye misuli kitanga cha dopamini kinakuwa chepesi na kupanda, cha asetilikolini kinaelemea, na misuli inajikaza yenyewe bila mwenyewe kutaka. Ndiyo maana tiba yake ni kuipunguza asetilikolini. Sindano ya baiperideni au ya promethazini ikichomwa, shingo hulegea kwa kawaida ndani ya nusu saa, na mara nyingi chini ya hapo. Nimewaona jamaa wakishika tama wodini, mgonjwa aliyekuwa akitazama dari anageuka na kuomba maji.

Sasa lile la ustadh, maana najua ndilo linalowashika nyumbani. Mkazo huu una tabia ya kuja na kuondoka. Mtu akiogopeshwa unazidi, akitulizwa unapungua, na akilala kwa kawaida unaachia. Kijana wako alisomewa, akatulia, watu wakaacha kupiga mayowe, na kidonge cha usiku hakupewa. Kila moja katika hayo lilisaidia kulegeza shingo. Sina ugomvi na kisomo. Familia nyingi ninazoziona hapa Mombasa zinakuja na kombe, maji yaliyooshewa aya, chupani na vidonge mfukoni, na mgonjwa anayetulizwa na Kurani ana kitu ambacho mimi siwezi kumwandikia kwenye karatasi. Ninachokataa ni kisomo kinachokuja na sharti la kuacha dawa, na ninakataa zaidi kumfunga mtu kamba au kumlaza njaa. Mwambie ustadh hivyo hivyo, kwa heshima. Wengi wao wanaelewa.

Kuhusu kumrudisha: ndiyo, na usingoje mwezi uishe. Sauti zinarudi kwa sababu dawa imekatika. Lakini hatarudi kwenye vidonge vile vile kwa kipimo kile kile kana kwamba hakuna kilichotokea. Nenda na karatasi ya hospitali na lile pakiti, umweleze daktari siku, saa, shingo ilipinda upande gani na ilichukua muda gani. Kama shangazi alichukua video kwa simu, ipeleke, itamaliza ubishi wote. Kutoka Kisauni unaweza kumpeleka Port Reitz kule Changamwe, kwenye kitengo cha afya ya akili, au uanzie Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inatambua haki ya mgonjwa kuelezwa kuhusu matibabu anayopewa, kwa hiyo usione haya kuuliza.

Daktari atakuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea na haloperidoli kwa kipimo kidogo, pamoja na benzheksoli, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Artane, kwa wiki chache mpaka mwili uzoee. Artane nayo ina mambo yake: inakausha kinywa, inafunga choo, na vijana wa mitaani wanaitafuta ili walewe. Ishike wewe, umpe mkononi kidonge kimoja kimoja. Ya pili ni kubadilisha, apewe dawa kama olanzapini au risperidoni. Mimi kwa kijana wa miaka 19 aliyekwisha kukazwa mara moja, ningeelekea olanzapini, kidonge kimoja usiku, kwa sababu inakaza misuli mara chache zaidi. Gharama yake iko kwenye sahani: inafungua njaa kali na uzito unapanda haraka. Apimwe uzito na sukari kabla ya kuanza, kisha kila anaporudi kliniki, na viazi karai vya kila jioni na soda mvikalie macho tangu wiki ya kwanza, si baada ya suruali kukataa kufunga.

Sindano ya mwezi ni nzuri, lakini si leo. Ile ya flufenazini, iliyozoeleka katika hospitali nyingi kwa jina la Modecate, hutengenezwa ndani ya mafuta ya simsim, huchomwa kwenye msuli, na dawa inatoka kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 4. Kidonge kikimletea shida unakiacha na kesho kinapungua mwilini. Sindano ikishaingia haitoki. Na flufenazini ni ndugu wa haloperidoli katika kukaza misuli. Kwa hiyo kwanza tunajua kwa vidonge ni dawa gani mwili wake unaikubali, ndipo sindano ifikiriwe, hasa akiwa mtu wa kutema vidonge au kuvificha chini ya godoro.

Muda nao uujue ili usikate tamaa mapema. Usingizi na utulivu huja ndani ya siku kadhaa. Sauti na ile imani ya redio huchukua wiki, mara nyingi 4 hadi 6, na hazikatiki ghafla. Kwanza redio itamsema kwa sauti ya chini, halafu atasema "inasema lakini siijali", halafu siku moja hataitaja. Hapo ndipo familia nyingi huacha dawa, wakisema amepona. Kwa mtu aliyeugua mara ya kwanza, dawa inaendelea angalau mwaka mmoja au miwili baada ya kupata nafuu, na kuipunguza ni kazi ya kufanywa na daktari, polepole. Mwezi wa Ramadhani usiwe sababu ya kukatiza: dawa ya mara moja inamezwa baada ya futari au wakati wa kulala, na kama ni mara mbili, futari na daku. Muulize daktari kabla ya mwezi kuandama.

Kuna dalili moja ambayo hutakiwi kuisubiri hata saa moja. Akiwa kwenye dawa hizi akapata homa kali, mwili mzima ukakakamaa kama ubao, jasho likamtiririka na akachanganyikiwa hata hakutambui, usiseme ni malaria ukanunua dawa dukani. Mpeleke hospitali usiku huo huo na uwaambie anameza dawa gani. Ni nadra, lakini inaua. Na kama koo limekaza akawa anahema kwa shida, vivyo hivyo. Ukisikia anasema bora afe, au sauti zinamwambia ajidhuru, hilo nalo ni la usiku huo huo, asiachwe peke yake.

Muguka na bangi. Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka Mei 2024, mahakama ikaisimamisha amri hiyo, na mimi siingii katika mvutano huo. Ninachojua ni kwamba kichangamshi kilicho ndani ya muguka kinaongeza dopamini, ile ile tunayoizuia kwa dawa. Akimeza kidonge usiku na kutafuna mchana kutwa, mnavuta kamba pande mbili. Bangi kwa kijana ambaye amekwisha kusikia sauti inaongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Usimfokee maskani mbele ya wenzake, utampoteza. Mtafutie la kufanya asubuhi, hata kama ni kusaidia duka la mjomba kwa saa mbili.

Binti yako sasa. Ugonjwa hauambukizi na haujamwingia. Ukiwa ni skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu wenye sauti na imani kama hizo, ambayo daktari hataisema mpaka amemfuatilia kaka yake kwa miezi kadhaa, kwa watu wote inampata karibu mmoja kati ya 100 katika maisha yake, na kwa ndugu wa mgonjwa karibu 9 au 10 kati ya 100. Yaani ndugu 90 hawaipati. Tena kabla ya miaka 13 ni nadra sana. Mtoto wa miaka 9 anayeumwa tumbo asubuhi za shule ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na hofu. Mtoto hana maneno ya kusema "nina wasiwasi", kwa hiyo tumbo linamsemea, na maumivu ni ya kweli, hajifanyi.

Chunguza mambo mawili. Kwanza mwili: apimwe minyoo, mkojo, na uulize kama anapata choo. Pili, tazama kalenda. Jumamosi tumbo linamuuma? Likizo je? Asubuhi ya madrasa? Likiuma siku za shule tu, kuna kitu shuleni, au kuna kitu nyumbani ambacho anaogopa kukiacha. Muulize mkiwa mnafanya jambo jingine, mnasuka nywele au mnachambua mchicha, si kwa kumkalisha kitini kama mahakamani. Muulize kama kuna mtu anampiga, anamchukulia pesa, au anamgusa pasipostahili, njiani, darasani au kwa mwalimu yeyote yule. Akikwambia la kuguswa, usibishane naye wala usimfokee. Mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani siku hiyo hiyo, kabla ya kuoga na kubadilisha nguo kama limetokea punde.

Lakini kwa maelezo yako nashuku jambo la karibu zaidi. Huenda binti alikuwepo siku ile shingo ilipopinda. Huenda alisikia watu wazima wakisema kaka ananyongwa. Kisha anaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda shule akimwacha kaka huyo na mama yake nyumbani. Mwambie waziwazi: kaka ana ugonjwa, dawa ilimkaza shingo, tunabadilisha dawa, wewe hukusababisha, na mimi niko salama. Kisha asikae nyumbani. Kila siku anayobaki, ya kesho inakuwa nzito zaidi. Zungumza na mwalimu wa darasa, aanze na nusu siku wiki ya kwanza, apokelewe langoni na mtu mmoja anayemjua, na tumbo likimuuma akapumzike kidogo na kurudi darasani badala ya wewe kupigiwa simu uje umchukue.

Hahitaji kidonge chochote kwa sasa. Mtoto wa umri wake mwenye hofu hutibiwa kwanza kwa mazungumzo na mazoezi ya kuikabili hofu hatua kwa hatua, na mzazi akifundishwa pamoja naye. Wiki nne zikipita na bado hajarudi darasani kikamilifu, au akianza kupungua mwili au kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, mlete siku ile ile ya kliniki ya kaka yake, ila omba aonwe chumba kingine, peke yake na wewe. Akisema hataki kuishi, usingoje kliniki: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kama nilivyosema kwa kaka yake.