Wanuka bahari

Mhariri, swali lenu la juma hili limenikuta jikoni nikichagua mchele: "Wewe unayemuuguza mtu nyumbani, unajitunza vipi mwili na roho?" Nililisoma, nikaliacha, nikalirudia. Neno "unajitunza" ndilo lililonichoma. Nilimuuguza mamangu miaka minne, hapa hapa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, tangu alipopooza upande wa kulia mpaka alipofariki, na neno hilo nililisikia hadi likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kakangu aliye Saudia alikuwa akituma pesa kila mwezi, Mola amzidishie, na kila ujumbe wake wa sauti aliufunga hivyo hivyo: "Na wewe dada, ujitunze." Mara nyingi niliusikiliza beseni likiwa mkononi.

Basi mniwie radhi, nitajibu swali lililo jirani na lenu: anayeuguza, yeye anatunzwa na nani?

Maana sisi watu wa Pwani kutunza mtu twakujua. Bi harusi husingwa kwa liwa na mawaridi, akafukizwa udi mpaka nywele. Mzazi aliyejifungua hukaa siku arobaini: anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa leso, analetewa supu ya kuku yenye pilipili manga, na hakuna anayethubutu kumpa ufagio. Mjane ana eda yake, miezi 4 na siku 10, na watu wanajua wamjie na nini. Wote hao siku zao zinahesabika, na kila mmoja ana watu ambao ni wajibu wao kumtazama. Sijapata kusikia mzazi wa siku tatu akiambiwa ajikande mwenyewe.

Anayeuguza hana hesabu. Wiki ya kwanza nyumba yetu ilijaa watu, machungwa yakakosa pa kuwekwa, dua zikasomwa. Mwezi wa tatu tulibaki mimi na mama. Silaumu sana, kila mtu ana lake na nauli nazo zimepanda. Lakini wote waliokuja waliuliza hali ya mgonjwa, na mimi nikawa msemaji wake tu.

Asiyewahi kuifanya kazi hii nimweleze kidogo. Mtu aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya kisigino na ya mfupa wa kiuno inaanza kubadilika rangi, na ikishachubuka kidonda chake hupona kwa taabu. Simu yangu ililia saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, kisha adhana. Nilikuwa nikipitisha leso iliyokunjwa chini ya kiuno chake, nashika ncha zote mbili, nakunja magoti, namvuta kwangu kwanza ndipo namlaza ubavu. Hilo la kukunja magoti nilifundishwa na mtaalamu wa mazoezi, mgongo wangu ukiwa umeshaharibika. Uji wake ulikuwa mzito kwa sababu majimaji yalimpalia, nikimlisha kwa kijiko cha chai, taratibu, muda wa saa nzima. Mimi nilikula alichobakisha, nimesimama, kimeshapoa.

Sasa kuna siku moja ambayo sijawahi kuiandika.

Ilikuwa mwezi wa nane, kusi inavuma. Dawa ya presha ya mama ilikuwa imekwisha na huku kwetu siku hiyo haikupatikana, ikabidi nivuke niifuate mjini, Mwembe Tayari. Jirani yetu, bibi mmoja aliyekuwa rafiki wa mama tangu ujana wao, alikuja kukaa naye. Aliniambia, "Nenda mwanangu, nipo." Nikamwonyesha saa za kumgeuza, nikaenda. Dawa niliipata haraka, na saa tisa kasoro nilikuwa nimesharudi kivukoni upande wa kisiwani, nikavuka na wenzangu.

Tulipofika Likoni nilishuka nao, nikakipanda kile kimlima cha gati huku watu wananisukuma kwa mabega kama kawaida. Nilipofika juu miguu ikakataa kwenda nyumbani. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Sikulia wala sikuwa na hasira na mtu. Niligeuka, nikaingia kwenye banda la wanaosubiri kuvuka kwenda mjini, nikasimama katika lile umati nikiwa na mfuko wa dawa mkononi. Wa miguu halipi feri, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Geti lilipofunguliwa nikaenda nao.

Mamangu alikuwa mwoga wa feri. Tangu ile ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994 na kuua watu zaidi ya 250, alivuka kwa dharura tu, na kila nilipotoka nyumbani aliniusia: "Simama katikati, usikae kando." Nilimtii miaka yote hiyo. Siku ile nilikwenda kusimama kando kabisa, kifua kwenye chuma, upepo unanipiga usoni, maji yanaruka mpaka buibui likalowa. Nilikuwa nikivuta pumzi kama mtu aliyekuwa amefungiwa kabatini.

Ng'ambo nilishuka, nikanunua muhogo wa kukaanga. Yule kijana aliupasua, akaujaza chumvi na pilipili, akakamulia ndimu, akaufunga kwa gazeti. Ulikuwa wa moto hasa, unaunguza vidole. Nikaula pale pale, na ulimi ulipoungua ndipo nikagundua kwamba kwa miezi mingi sikuwa nimetia kitu cha moto mdomoni. Nikanunua mwingine. Kisha nikapanda feri tena. Mara hiyo tulizuiliwa gatini ili meli ya makontena ipite kuingia bandarini, ndefu kama mtaa, na watu wote walisonya kwa kuchelewa. Mimi niliomba iende polepole. Juu kabisa kulikuwa na baharia mmoja ameegemea chuma anatutazama, nikampungia mkono, mimi mtu mzima mwenye watoto, na yeye akanipungia.

Kwa jumla nilivuka mara tano. Alasiri niliisali karibu na kivuko. Nilifika nyumbani jua linazama, moyo unadunda, nimeshatunga uongo wa foleni ya dawa. Mama alikuwa amelazwa ubavu wa kushoto, mkavu, amefunikwa vizuri, na yule bibi anamsomea uradi. Nikainama kumbusu. Mama, ambaye maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida na nusu yake hayaeleweki, alininusa shingoni akasema waziwazi: "Wanuka bahari." Akafumba macho.

Mpaka leo sijui kama alikuwa akinilaumu au alifurahi. Nimeligeuza neno hilo kila upande. Yeye alizaliwa mita chache kutoka majini na hakuwa ameiona bahari tangu alipoanguka. Pengine alinituma niinuse kwa niaba yake. Pengine alijua nilisimama kando.

Shangazi yangu hakuhitaji kukisia. Alikuwa amepita saa kumi akamkuta jirani badala yangu, na kesho yake aliniambia mbele ya watu: "Mamako kitandani, wewe waenda kupunga upepo?" Akanitajia aya ya Kurani, Al-Israa aya ya 23, kwamba wazazi wakifikia uzee usiwaambie hata "ah". Aya ile naijua, na nilipoisikia kinywani mwake nilitamani ardhi ipasuke. Nusu mwaka sikuvuka tena ila kwa hesabu ya dakika. Nilikonda, nikawa mkali, na usiku mmoja saa nane, wakati wa kumgeuza, ile "ah" ikanitoka. Nilimwambia mama "ah" kwa sauti. Hilo silisahau, na nalieleza hapa kwa sababu nataka shangazi zetu walisome.

Baadaye, katika darsa ya wanawake, nilisikia hadithi ya Salman na Abu Dardaa, masahaba wa Mtume, iliyopokewa na Bukhari. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha mpaka mkewe akaacha hata kujipamba. Salman akamlazimisha kula, akamlazimisha kulala, akamwambia Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahli yako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema Salman amesema kweli. Nililia pale mkekani. Na nilichokishika zaidi ni kwamba Abu Dardaa hakuja kugundua hayo peke yake. Alikuja mgeni, akala naye, akamwambia alale.

Hapa nasimama, kwa sababu nikiyasoma tena niliyoyaandika naona nimejikosoa. Nilianza nikitaka kuwaambia kwamba kujitunza hakuna, kuna kutunzwa tu. Lakini siku ile ferini hakuna aliyeniambia nigeuke. Niligeuka mwenyewe, muhogo nilinunua mwenyewe, na nusu mwaka niliojinyima ndio ulionifikisha pale pa kumkemea mgonjwa. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu lenyewe ni ndiyo, mtu hujitunza, na kakangu hakukosea kunikumbusha. Ila nisingeweza kuvuka hata mara moja kama yule bibi hangesema "nipo". Na wapo ambao hawana bibi wa aina hiyo, hasa waliohamia mji huu kikazi na hawajui hata jina la wa mlango wa pili. Wapo wenye mgonjwa asiyeweza kuachwa hata kwa dakika kumi. Hao sina la kuwaambia, na nisingependa mtu awaambie wajitunze.

Yule bibi ametangulia mbele ya haki, mwaka mmoja baada ya mama. Sasa mtaa wa nyuma yetu yuko mama mmoja anamuuguza mumewe, naye amepooza. Kila Alhamisi saa nane naenda kukaa na mzee. Namgeuza saa nane na saa kumi, kwa ile leso. Mkewe hujitanda buibui, akachukua mkoba, akatoka. Mara ya kwanza alianza kunieleza anakokwenda, nikamwambia asinieleze. Wiki iliyopita alirudi na mchanga kwenye viatu.