Usiache palizi, mthamini bado hajafika

Mtoa mada, shika jembe kwanza, salamu baadaye.

Umeuliza maswali manne kuhusu shamba lako la Muheza linalotakiwa kuingizwa kwenye hifadhi: bei ya ekari, kupewa shamba jingine badala ya pesa, makaburi ya wazee, na mkeo kuandikwa kwenye fomu. Halafu katikati, kama jambo dogo, ukadondosha kwamba "tumeambiwa tusihangaike tena na palizi, shamba limeshakuwa la hifadhi." Wakuu wote mnaojaza kurasa kwa habari za bei ya ekari, sentensi hiyo mmeirukaje?

Nani kakwambia hivyo? Kakupa barua? Serikali ikitwaa ardhi ya mtu kuna notisi ya maandishi, na inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mkutano chini ya mwembe wenye soda za bure si notisi.

Mimi nilikuwa na shamba milimani Morogoro, jirani na chanzo cha maji. Mikarafuu, iliki chini ya kivuli, migomba, michungwa kidogo. Likatakiwa kwa uhifadhi na sikupinga, maji yale hata mimi nayanywa. Akaja bwana mmoja wa mradi, fulana ya kijani, buti ambazo hazijawahi kuonja tope, akatuambia: "Wazee wangu, msijichoshe. Mtakachofanya kuanzia leo hakilipwi." Maneno matamu hayo kwa mtu anayeumwa mgongo. Nikachomeka panga darini. Mke wangu aliniuliza kama nina hakika, nikamjibu kwa madaraka kabisa.

Ubaya ni kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Kuna kitu kinaitwa tarehe ya ukomo. Ikishapita, miche unayochomeka usiku ili uongeze hesabu hailipwi, na ni haki isilipwe. Lakini tarehe hiyo inakwenda na kuanza kwa tathmini, yaani mthamini anapokuja kuhesabu mali yako ili ulipwe fidia, haianzi pale mtu anaposhika kipaza sauti. Na hata ikipita, kupalilia mti uliokuwepo tangu enzi za baba yako si kupanda kitu kipya. Yule bwana alichanganya haya mawili, sisi tukapiga makofi.

Tathmini ikachelewa. Vuli ikapita, masika ikapita. Wewe wa Usambara unajua shamba la mlimani likiachwa linakuwaje: mitambaazi inapanda mpaka kileleni, migomba inaanguka na kuoza, iliki inapotelea ndani ya magugu.

Sasa sikiliza mthamini anavyofanya kazi, maana hapa ndipo pesa ilipo. Hahesabu ulichokuwa nacho. Anahesabu kilichosimama siku aliyofika. Kila zao lina bei yake kwa shina, na bei hiyo inakwenda na hatua: mche, unaokua, unaozaa, uliochoka. Unaozaa vizuri ndio unaobeba bei kamili, mingine inakatwa. Mahindi na maharage mara nyingi utaambiwa uvune uondoke, kwa hiyo mazao ya kudumu ndiyo roho ya fidia yako.

Kijana aliyekuja kwangu alikuwa mpole, sina ugomvi naye. Tukafika kwenye mkarafuu wa kwanza. Akasogeza mitambaazi kwa mkono, akatoa ufunguo mfukoni, akakwangua gamba kidogo. Chini yake kukavu, kahawia. "Mzee, na huu?" Nikasema ulizaa mwaka juzi. Akachora mstari mfupi wa kulala kwenye fomu. Mkarafuu wa pili, ufunguo, mstari. Mwenyekiti wa kitongoji akawa anatazama viatu vyake. Kwenye iliki hakuweza hata kuingia, akasimama ukingoni akahesabu alizoziona. Michungwa ilikuwa na majani machache ya njano, ikaandikwa imechoka. Miti haikuchoka, aliyechoka alikuwa mwenyewe.

Mwisho nikapigwa picha nimeshika karatasi yenye namba kifuani, kama mwizi wa kuku, nyuma yangu pori zuri kabisa la kuhifadhiwa. Yule bwana wa fulana ya kijani alifurahi sana, "msitu umeanza kurudi wenyewe!" Umerudi kwa gharama zangu, ndugu.

Jirani yangu hakuja kwenye ule mkutano. Siku ile alikuwa anapalilia. Shamba lake dogo kuliko langu, na akalipwa mara kadhaa ya nilichopata. Alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jipya. Na mimi nilinunua bati, msidhani. La choo.

Nilipomfuata yule bwana kumuuliza, akasema: "Mzee, mimi si mthamini." Siku ya mkutano alikuwa mthamini, mwanasheria na hakimu.

Kuna atakayekuja hapa kusema mbona kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinalipa mengi: ardhi kwa bei ya soko, majengo, usumbufu, usafiri, malazi, na faida inayopotea kwa mwenye biashara. Ni kweli. Ila posho ya usumbufu inakokotolewa kwa asilimia ya thamani iliyopatikana, hivyo mikarafuu ikiandikwa imekufa, na usumbufu unapungua. Wakichelewesha malipo zaidi ya miezi sita wanakudai riba wewe? Hapana, wewe ndiye unayewadai wao. Lakini riba juu ya tarakimu ndogo ni ndogo.

Tena kwa sheria ya wathamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia unaisha nguvu baada ya miaka miwili. Pesa ikichelewa kupita hapo, wanarudi kuthamini upya. Watakuta nini? Ndiyo maana nakwambia palilia hata baada ya kuhesabiwa, mpaka pesa iingie kwenye akaunti. Waulize wakulima wa Derema, hapohapo wilayani kwenu, ambao mashamba yao nayo yalichukuliwa kwa hifadhi ya msitu. Waliokuwa kwenye mkanda wa mpaka walilipwa mapema, wengine wenye iliki zao wakasubiri kwa miaka.

Bei ya ekari na shamba jingine badala ya pesa nitayarudia siku nyingine. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969, yanahesabiwa kando. Mkeo aandikwe, asaini, na awepo wakati wa kuhesabu, huenda yeye ndiye atakayekumbuka mti uliouruka.

Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, ingia na simu upige picha mstari kwa mstari, shina kwa shina, mtu asimame pembeni ili urefu wa mti uonekane. Kisha anza palizi upande wa iliki, huko ndiko kunakozama haraka. Na aliyewaambia muache, mfuate na karatasi na kalamu. Mwombe ayaandike maneno yale yale, asaini, agonge muhuri. Utashangaa atakavyokumbuka ghafla kwamba ana kikao Tanga.