Umepata ndugu kwa DNA na mzee wenu alikuwa mlowezi Dakota? Anza na kabati la huyo ndugu

Mkuu, umesema mkeo Mmarekani amepima DNA, akatokewa na binamu asiyemjua, na kwamba mzee wao alitoka Norwei akachukua shamba la serikali North Dakota. Unauliza mwanzie wapi. Nitajibu kwa urefu kwa sababu njia hiyo nimeipita. Mimi ni mtu wa Moshi niliyeolewa Minnesota, na ukoo wa mume wangu ni haohao Wanorwei wa Dakota.

Kwanza, ujumbe wa kwanza aandike mkeo, sio wewe. Majina yetu na zile salamu zetu za kuuliza wa nyumbani hawajambo na mvua imenyesha, huku vinanukia utapeli. Mmarekani akiona mgeni anamuulizia bibi yake aliyekufa, anafunga mlango. Mistari mitano inatosha: mimi ni nani, nadhani tunakutana kwa mzee fulani, na swali moja tu.

Hilo swali ndilo kila kitu. Wengi huomba "historia ya ukoo", nao hupewa hadithi, na hadithi za kina hawa zinafanana mno: ndugu watatu walikuja pamoja, mmoja akapotea, benki ikawanyang'anya shamba. Muulizeni alichonacho kabatini. Ana Biblia ya zamani? Ana picha, na nyuma zimeandikwa nini? Kuna barua zenye bahasha zake? Mtu asiyejua lolote kuhusu babu yake anaweza kuwa amekalia sanduku lenye majibu yenu yote.

Idadi ya sentimogani (kipimo cha DNA mnayoshirikiana) isiwatie homa. Vitukuu wa mzee mmoja kwa wastani hushirikiana kama 230. Vilembwe ni kama 75, na katika kila jozi kumi za vilembwe, moja hivi haionyeshi kitu kabisa ingawa ni ndugu wa kweli. Kwa hiyo kama mkeo ana shangazi aliye hai, mpimeni shangazi. Yuko kizazi kimoja karibu zaidi na mzee, na ataona ndugu ambao mkeo hawaoni.

Sasa kesi yetu. Sisi wa Moshi kila mtu anajua kihamba cha babu yake, yaani shamba la ukoo, kiko wapi na nani anakikalia. Huku nilikuta watu wazima hawajui hata kaunti lilipokuwa shamba la mzee wao, nikashangaa, ndipo nikaanza kuchimba kwa ajili ya wanangu. Tulikuwa na jina la mzee na basi. Dada yake alitajwa kama "yule aliyekwenda Kanada", bila jina. Kisha mume wangu akapata kwenye orodha yake ya ndugu wa DNA bibi mmoja wa Saskatchewan, Kanada, mwenye zaidi ya miaka 80. Ni mjukuu wa huyo dada.

Kumbe tulishindwa kumpata dada kwa sababu ya majina. Wanorwei wa zamani waliitana kama watu wa pwani: Ole wa Lars ni Ole Larsen, na mwanawe Hans ni Hans Olsen, yaani Hans bin Ole. Juu ya hapo waliongeza jina la shamba walilokaa, na wakihama shamba, jina linahama. Hali hiyo iliendelea mpaka sheria ya 1923 ilipowataka wawe na jina moja la ukoo. Walipofika Marekani kila mtu alichagua lake. Mzee wetu alishika jina la shamba, dada yake akashika la baba, halafu akaolewa na kulipoteza hilo nalo. Watoto wa tumbo moja, majina matatu. Na atakayewaambia jina lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York, mcheke tu. Makarani wale walifuata orodha iliyoandikwa kule meli ilikoanzia safari, tena kituo kilifunguliwa 1892, na mzee wetu alishafika miaka ya 1880.

Tulipojua jina la usichana la dada, tukatafuta ardhi kwa jina hilo. Sheria ya Homestead, aliyoitia saini Rais Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ilimpa ekari 160 mtu wa miaka 21 au mkuu wa kaya, awe raia au ametangaza nia ya kuwa raia. Alilipa ada ndogo, akajenga, akalima, akakaa miaka 5 (mwaka 1912 ikawa 3), ndipo akapewa hati. Mwanamke asiye na mume naye aliruhusiwa, jambo ambalo Kanada wakati huo hawakulikubali isipokuwa kwa wajane na wachache wengine wenye watoto wa kulea. Na dada wa mzee alikuwa amechukua shamba peke yake, hana mume, katika nchi ambayo baridi inaua ng'ombe. Ukoo mzima wa mume wangu haukulijua hilo.

Hati yenyewe ni karatasi moja kavu. Mnaipata bure kwenye tovuti ya Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu ya Marekani, sehemu ya General Land Office Records. Tafuteni kwa jina na jimbo, kisha nakilini taunishipu, renji na seksheni (namba za upimaji zinazoonyesha shamba liko wapi), pamoja na namba ya hati. Kwa hizo mnaagiza faili zima kutoka National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa, Washington. Lina malipo, na uvumilivu pia unahitajika, lakini msiliruke. Ndani yake mwombaji anahojiwa, na mashahidi wawili wanahojiwa. Umejenga lini? Nyumba ina ukubwa gani, madirisha mangapi? Umelima ekari ngapi, umevuna nini, una mifugo gani? Uliondoka shambani lini, na ulikwenda wapi? Hilo la mwisho ndilo tamu. Dada wa mzee alijibu kwamba majira ya baridi alikwenda mjini kufanya kazi za ndani apate fedha ya mbegu. Ni maneno yake mwenyewe, ingawa yamepita kwenye kalamu ya karani.

Wasomeni na mashahidi. Hawa hawakuokotwa barabarani, ni majirani, na mara nyingi jirani alikuwa shemeji au mtu wa parokia moja kule Norwei. Shahidi mmoja wa dada ndiye aliyemuoa baadaye. Kama jina la mzee wenu halipo kwenye ile tovuti, haina maana hakuchukua shamba. Tovuti inaonyesha waliofanikiwa. Walioshindwa wakaacha wanatafutwa kwenye vitabu vya taunishipu, ambavyo FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo, wameviweka mtandaoni, ila hapo ni lazima mjue eneo.

Baada ya hati, serikali kuu inajitoa. Kuuza, kuweka rehani na kurithishana viko kwenye ofisi ya hati ya kaunti. Kwetu hadithi ilisema benki ilichukua shamba la mzee. Kitabu cha kaunti kinaonyesha aliliuza kwa shemeji yake. Niliuliza mezani siku ya Thanksgiving kama kuna anayejua sababu, wazee wakageukia chakula.

Kuna jambo nitalisema hata kama hukuliuliza. Shamba la dada lilikuwa ndani ya eneo walilotengewa Wadakota, wenyeji wa asili wa huko, ambalo leo linaitwa Spirit Lake. Mwaka 1904 sehemu ya ardhi hiyo ilifunguliwa kwa walowezi. Sisi tuliokua tukisikia jinsi Wameru wa Arusha walivyofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili wazungu wapewe ardhi, tukisoma "shamba la bure" tunauliza lilikuwa la nani. Basi tazameni ramani ya mikataba na Wahindi Wekundu ya kaunti yenu, na muiweke kwenye kumbukumbu za ukoo pamoja na hati. Baadhi ya wakwe hawakupenda. Wanangu nimewaambia yote mawili, ujasiri wa yule mama na ardhi aliyoipata ilikuwa ya nani.

Turudi kwenye kabati. Tatizo kubwa la mlowezi wa Kinorwei ni kwamba karatasi za Marekani huandika amezaliwa "Norwei" na kunyamaza. Za uraia nazo, kabla ya 27 Septemba 1906, kila mahakama ilikuwa na fomu zake, na nyingi hazisemi kijiji. Bila jina la shamba na parokia hamvuki bahari. Bibi wa Saskatchewan alikuwa na cheti ambacho mchungaji wa kule alimpa dada alipohama parokia. Kilikuwa kimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo, na kiliandika shamba, parokia, tarehe ya kuzaliwa na ya kipaimara. Sisi tuliobaki upande wa mzee hatukuwa na kitu kama hicho. Nimeona katika koo kadhaa kwamba aliyebaki shambani hurithi karatasi za ardhi, na anayekwenda mbali hubeba karatasi za nyumbani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Hifadhi ya nyaraka ya Norwei ina tovuti, Digitalarkivet, yenye vitabu vya kanisa na sensa za 1865, 1875, 1900 na nyingine, bure kabisa. Mwandiko wa Kigothi unachosha macho, lakini majina na tarehe utazizoea. Kwenye orodha za kipaimara wachungaji waliandika hata tarehe ya chanjo ya ndui. Wilaya nyingi pia zina bygdebok, kitabu kinachosimulia kila shamba nani alikaa na watoto wake walikwenda wapi. Hapo tukaona kwamba kaka mkubwa ndiye aliyechukua shamba zima, kama haki yao ya kale ilivyotaka, na wadogo wakatafute pao. Kwetu ni wa kwanza na wa mwisho waliokuwa wakiangaliwa, wa katikati akajitegemee, kwa hiyo hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kwa hiyo mkeo aandike leo, hasa kama huyo binamu ana umri mkubwa, na amuombe picha za simu za pande zote mbili za kila karatasi. Mkipata taunishipu, renji na seksheni, ziweke hapa pamoja na jina la kaunti, nitakuonyesha namna ya kujaza maombi ya faili. Majina ya walio hai yaache.