Miaka mitatu nilitibu vidonda vya tumbo nisivyokuwa navyo

Juzi dada mmoja wa Morogoro kanitumia ujumbe: “Shikamoo kaka. Nina vidonda vya tumbo sugu, nimemaliza dozi nne, usiku kifua kinawaka moto. Nimeambiwa ninywe juisi ya kabichi mbichi. Unaonaje?” Niliusoma ndani ya daladala, nikacheka mpaka konda akanigeukia. Sikumcheka yeye. Hiyo juisi nimeinywa mimi mwenyewe siku 21, asubuhi, nimebana pua.

Wewe unayesoma hapa ni mpambanaji mwenzangu, ratiba unaijua. Saa kumi na moja alfajiri uko kituoni. Mchana unakula ulichopata, jioni foleni, nyumbani unaingia saa tatu usiku. Hapo ndipo unapokula chakula cha kweli, mlima wa wali na maharage, na saa nne uko kitandani umelala chali. Mimi niliishi hivyo miaka, na nilijiona shujaa.

Kiungulia kilianza kama mgeni wa kupita. Nikawa natembea na vidonge vya magnesiamu mfukoni, natafuna kama pipi. Kilipozidi nikaenda zahanati, wakanitoboa kidole, wakasema H. pylori, wadudu wa tumboni wanaoleta vidonda, wapo. Nikapewa dozi ya siku 14. Nikapona! Wiki tatu baadaye moto ukarudi. Nikapimwa tena, wakaonekana tena, nikameza dozi tena. Hospitali nyingine daktari aliandika “vidonda vya tumbo” kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Hakuniuliza nakula saa ngapi, wala nalalaje. Mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki. Kipimo kile cha damu kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya wadudu, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu hata wadudu wakishakufa. Wengi wetu huku tuliwapata hao wadudu tangu utotoni, kwa hiyo kidole kikitobolewa jibu ni lilelile. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi ndicho kinachoonyesha kama wapo hai sasa. Na ile nafuu ya wiki tatu? Ndani ya dozi ya H. pylori mna omeprazole, dawa ya kupunguza asidi. Nilikuwa napozwa na dawa sahihi kwa ugonjwa usio sahihi.

Halafu ukaja ule usiku. Nilikurupuka sina pumzi, maji makali yamejaa kooni, nakohoa mpaka machozi yananitoka. Mama mkwe alikuwa ametutembelea. Asubuhi akatamka kwamba nimekabwa na jinamizi, akafukiza ubani nyumba nzima. Nilimshukuru, nikakohoa zaidi.

Maumivu ya kifua yalipofuata niliogopa moyo. Hapo, ndugu yangu, usijifanye mjuzi: kifua kikibana, kimbilia hospitali moyo upimwe kwanza. Wangu ulikuwa mzima, ndipo nikapelekwa kwa bingwa wa mfumo wa chakula. Aliuliza maswali robo saa nzima, kisha akataka kipimo cha kamera. Akaniachisha omeprazole wiki mbili kabla, ili dawa isiwafiche wadudu. Wiki mbili hizo sitazisimulia.

Siku yenyewe nilikwenda sijala tangu usiku. Wakanipulizia ganzi kooni, chungu kama mwarobaini, ulimi ukawa kama si wangu. Nikalazwa kwa ubavu wa kushoto, nikang’ata kipande cha plastiki chenye tundu, mpira ukaingia. Nesi alinishika bega akasema, “Meza kama unameza tonge, baba.” Machozi yalinitoka, lakini macho niliyakaza kwenye skrini. Umio, ile njia ya chakula yenye urefu wa kama sentimita 25, ilikuwa na rangi ya waridi mpaka chini kabisa, pale inapoingia tumboni. Pale kulikuwa na mistari myekundu, kana kwamba paka amepitisha kucha. Tumbo lenyewe safi. Kidonda hakuna hata kimoja. Vinyama walivyovinyofoa vilipopimwa, H. pylori hawakuonekana.

Kumbe kati ya umio na tumbo kuna msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko. Wangu ulikuwa umelegea, na sehemu ya juu ya tumbo imepanda kidogo kupita kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, wanaita ngiri. Ukishindilia chakula usiku ukalala, asidi inapanda. Jinamizi langu ndilo hilo.

Tiba? Omeprazole ileile niliyokuwa naimeza miaka yote! Tofauti ni saa. Mimi niliimeza baada ya kula, moto ukishawaka. Daktari akanieleza kwamba mitambo inayomwaga asidi huamshwa na chakula, na dawa huikamata mitambo ikiwa kazini. Kwa hiyo imeze nusu saa kabla ya kula, kila siku, wiki nane, usiruke. Nikatii.

Na kula mapema. Sasa chakula changu kikubwa ni cha mchana, natoka nacho nyumbani kwenye hotipoti, na jioni nakula kidogo kabla ya saa moja na nusu, hata kama ni kazini. Narudia: kula mapema. Masaa matatu yapite kabla hujalala. Nimepunguza kilo tisa, na najivunia kila moja. Kitanda nimekiinua upande wa kichwa kwa matofali. Mito mitatu haisaidii, inakukunja tumbo tu. Mke wangu alilalamika kwamba anateleza kwenda miguuni, sasa kazoea. Miezi saba sijaonja moto.

Lakini jambo moja silifanyii mzaha. Baba yangu mdogo, wa Marangu, alianza kwa kusema ugali unamkwama. Akahamia wali, kisha uji, kisha hata maji yakawa shida, huku anauziwa dawa za kiungulia dukani. Alipopigwa kamera saratani ya umio ilikuwa imeshaziba njia. Kilimanjaro na Bonde la Ufa la Kenya ugonjwa huu uko juu, na aina iliyozidi huku hailetwi na kiungulia. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 huenda vinachangia. Baba mdogo chai aliinywa ikitoka jikoni, akitucheka sisi tunaopuliza. Chakula kikikwama, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami au ukikonda bila sababu, wewe si mtu wa magnesiamu. Wewe ni mtu wa kamera, wiki hii hii. Usiniambie huna nafasi.

Yule dada nilimuuliza maswali mawili tu. Tonge linakwama? “Hapana, linapita vizuri.” Nikashusha pumzi. Unakula saa ngapi usiku? Alikaa kimya kidogo, akaandika: “Saa nne kasoro, nikishafunga duka.” Nimemwelekeza aende hospitali akapimwe vizuri. Kabichi aipike, aile saa moja.