Kabla hujamhukumu mhusika, tazama nani anasimulia

Dada, umeuliza imekuwaje wewe na mwenzako msome Kichwamaji, wewe umwonee huruma Kazimoto, yeye amchukie. Kwa maoni yangu hakuna aliyesoma vibaya. Euphrase Kezilahabi aliitoa riwaya hiyo mwaka 1974, na usimulizi akamwachia Kazimoto mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Kila kitu tunakipata kwa mtu aliyeyakatia maisha tamaa. Hata Rukia, dada yake aliyepewa mimba na Manase, tunamjua kwa yale tu ambayo kaka yake ameyaona, na ameyaona akiwa na hasira. Wewe hasira hiyo imekuchukua. Mwenzako ameitilia shaka.

Nafundisha fasihi ya Kiswahili sekondari hapa Gulu, Uganda, na jambo hili huwasumbua wanafunzi kuliko tamathali zote. Mtu akisema "niliona", tunamwamini papo hapo, tukasahau kwamba naye yumo ndani ya ugomvi. Kwa hiyo huwaambia waliandike upya tukio moja kwa kinywa cha mhusika ambaye hatukumsikia. Binti mmoja alimchagua Rukia. Hakubadilisha tukio hata moja, ila kwake kaka alikuwa mtu wa kusimama mlangoni akimlaani Manase, asimuulize dada yake hata mara moja anaumwa wapi. Wavulana wakaja juu kumtetea Kazimoto, ubishi ukapita kengele ya mapumziko. Lile "anaumwa wapi" silisahau.

Hapa kwetu tuna mfano mwingine, ingawa ni shairi refu, si riwaya. Mwaka 1966 mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, alimpa Lawino kitabu kizima amlalamikie mumewe, Ocol. Mwaka 1970 Ocol akapewa chake. Nilipomsikia Ocol kwa kinywa chake sikumpenda zaidi, lakini nilijua mkewe hakumsingizia. Kichwamaji haitupi nafasi hiyo. Rukia hana kitabu chake.

Basi rudia sura za mwanzo ukiwa na penseli. Kazimoto akitaja yaliyo moyoni mwa mtu mwingine, andika pembeni: amejuaje? Usikimbilie kumwita mwongo. Mara nyingi anasema kweli yake, na ndiyo maana anatuvuta. Kisha soma Rosa Mistika ya 1971, ya mwandishi huyohuyo, ambamo msimulizi yuko nje ya kisa na anaweza kutuingiza moyoni mwa binti. Rudi utuambie huruma yako imebaki kwa Kazimoto au imehamia kwa Rukia.