Kambi, matembezi na uvuvi kwa wikendi moja kutoka Mbeya mjini

Dada, umeuliza pa kwenda na watoto wapige kambi, watembee na kuvua, yote Jumamosi na Jumapili. Yote matatu kwa siku mbili ni mbio tu. Chagua mawili.

Mimi ningekwenda Kitulo, ile hifadhi ya taifa ya maua. Maua huchanua kuanzia Novemba hadi Aprili, na ndiyo maana wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Hakuna simba wala tembo, kwa hiyo watoto watatembea kwa miguu na askari wa hifadhi bila presha. Shida ni baridi: uko juu ya mita 2,600, na Juni na Julai hata umande huganda. Beba blanketi za ziada, makoti ya mvua na viatu visivyoteleza. Kuchuma maua ni marufuku, waambie mapema, maana mikono yao unaijua!

Ndoana iache nyumbani. Uvuvi upange safari nyingine, Matema, Ziwa Nyasa. Ongea na wavuvi wenye mitumbwi, mpatane bei kabla ya kupanda, na watoto wavae maboya.

Ziwa Ngosi? Njia yake ina utelezi na mwinuko mkali. Wa chini ya miaka minane watakulilia mgongoni.